Karani na Kesi ya Keki

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi ya Karani ilikuwa kusimama mbele ya watu na kuwasomea mambo wasiyotaka kuyasikia. Alikuwa karani wa mahakama. Yeye ndiye aliyefungua jalada, akasafisha koo, akamtazama mtu aliyesimama kizimbani na kumsomea shitaka lake mwanzo hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Umesikia shitaka lako. Unasemaje?" Wapo waliojibu kwa sauti iliyokauka, wapo waliolia, na yupo mmoja aliyezimia akaangukia benchi la mashahidi. Aliyefurahi kusomewa na Karani hakuwahi kutokea. Mwenyewe hakulitia maanani jambo hilo mpaka alipostaafu, akaagwa kwa soda na saa ya mezani, akarudi nyumbani kukaa.

Tabia za kazi zilikuwa zimemkaa mwilini. Hakimu wa kwanza aliyefanya naye kazi, mtu mkavu ambaye watumishi walikuwa wakibishana kama ana meno, alimfundisha siku ya kwanza kabisa. "Soma yote, usiruke hata nukta," alimwambia. "Ukishauliza, funga mdomo usubiri. Jibu ni la mwenyewe, si lako." Karani alimwamini, na siku moja imani hiyo ikajaribiwa. Mzee mmoja alishtakiwa kuiba baiskeli. Akasomewa, akaulizwa, akanyamaza. Wakili akakohoa, mwendesha mashtaka akahesabu mbao za dari, askari akabadilisha mguu wa kuegemea. Karani akabaki amesimama na jalada lake mkononi, kimya. Dakika ya kumi na moja kwa saa ya ukutani, yule mzee akasema baiskeli ni yake, na chini ya kiti kuna mahali ambapo fremu iliungwa kwa shaba na marehemu kaka yake. Wakatoka uani kuitazama. Shaba ilikuwepo. Tangu hapo Karani hakuogopa tena kimya cha mtu.

Ajabu ni kwamba subira hiyo alikuwa akiivua pamoja na koti lake la kazi. Nyumbani hakuwahi kumsubiri mtu, wala hakuna aliyemsubiri yeye, maana nyumba ilikuwa ya mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mashine yake iko sebuleni karibu na dirisha, na mdomo wake ulikwenda sambamba na sindano. Alikuwa mtu mwema, hilo halina ubishi, lakini alizaliwa na haraka. Aliwamalizia watu sentensi zao, na mteja aliyekuja kupimwa gauni alishaambiwa rangi anayoitaka kabla hajakaa. Karani alikula alichopakuliwa na kuvaa alichotolewa, na maisha yakaenda.

Binti yao alikuwa nesi katika wodi ya watoto. Mwanawe, mtoto wa kike wa miaka mitano na nusu, alishushwa na gari la chekechea mlangoni kwa babu na bibi kila adhuhuri kwa mwaka mmoja na nusu sasa, akakaa nao mpaka zamu ya mama iishe. Walimwita Bi Mkubwa, kwa sababu alitembea ameweka mikono nyuma akikagua kila kitu mithili ya mtu aliyekuja kutazama nyumba ya kupanga. Bibi, kwa utani wa bibi na mjukuu, alimwita mke mwenzangu, na alikuwa akimtishia Karani kwamba siku yoyote watamhama wote wawili.

Bi Mkubwa hakuwa bubu. Alizungumza na mdoli wake, na akiwa bafuni aliimba. Ila ukimuuliza jambo, alikutazama, macho yakaenda mbali, na jibu halikuja. Pengine lilikuja wakati wewe umeshaondoka. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Daktari alisema mtoto hana kasoro yoyote. Basi nyumba nzima ikajizoeza kujibu kwa niaba yake. Kila siku saa kumi jioni Bibi alisimama mbele yake na birika mkono huu, jagi mkono huu. "Mke mwenzangu, leo chai au maziwa? Haya, maziwa." Maneno hayo aliyatoa kwa pumzi moja, na kikombe kilikuwa kimeshajaa. Karani alikuwa palepale na gazeti lake, hakuona kosa lolote.

Kisha ikaja barua ya shule. Mwezi uliofuata watoto wa kuingia darasa la kwanza wangeitwa mmojammoja mbele ya mwalimu mkuu, kila mmoja aulizwe maswali kumi. Kwenye barua ya Bi Mkubwa, mwalimu wa chekechea alikuwa ameongeza kwa mkono: Hajibu maswali. Asipojibu na hayo kumi, angebaki chekechea mwaka mwingine pamoja na wadogo zake, na wenzake waende bila yeye.

Nesi aliisoma amesimama, bado ana sare ya kazi, kisha akakaa kwenye mkono wa kochi. "Watamrudisha nyuma mwanangu," akasema. "Na akili anazo. Mimi ninajua anazo. Lakini nitawaonyesha nini, Baba?"

Bibi, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alikata uzi kwa meno akaomba barua aisome tena.

Siku mbili baadaye nesi alikuja na kitabu. Kilikuwa cha wodini, kimechakaa, kimetolewa kwa sababu wodi ilikuwa imepata vipya. Kurasa zake zilikuwa ngumu, za kadibodi, na karibu kila ukurasa ulikuwa na mnyama aliyegeuka mgongo, mkia wake ukiwa kipande cha karatasi cha kufunua. Mikia mitatu ilikuwa imeng'oka, manesi wakaifunga kwa plasta ya vidonda. Kitabu kiliitwa Nani Kakalia Keki?

"Msomee tu, Baba," nesi akasema. "Mimi nikitoka zamu sina hata sauti."

"Mimi sijawahi kumsomea mtoto."

"Kama uliwaweza wahalifu wale, huyu atakushinda?"

"Si wote walikuwa wahalifu," Karani akasema, lakini kitabu alikipokea.

Kesho yake mchana alivaa miwani, akamketisha Bi Mkubwa kwenye kochi, yeye akasimama. Kusoma kwa sauti akiwa amekaa kulikuwa hakumjii. Akafungua kitabu na, kwa kuwa alifundishwa zamani asiruke hata nukta, akaanza pale maandishi yanapoanza. Alisoma jina la kitabu, la mtunzi na la mchoraji. Alisoma sanduku la posta la mchapishaji na namba ya simu. "Haki zote zimehifadhiwa," akatangaza kwa sauti ileile iliyokuwa ikinyamazisha ukumbi. "Hairuhusiwi kunakili wala kusambaza sehemu yoyote ya kitabu hiki, kwa njia yoyote ile, bila idhini ya maandishi."

Cherehani ikasimama. "Karani," Bibi akasema, "mtoto wa watu atalala kabla hajamwona mnyama hata mmoja."

Lakini Bi Mkubwa hakuwa na dalili ya usingizi. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anamtazama babu yake kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na keki kubwa ya njano, imebonyea katikati mpaka chini, na kando yake sungura mwenye aproni analia. Ukurasa wa pili alikuwepo kuku. Karani akasoma kwamba kuku amekana, kwamba amesimama kwa miguu yake tangu asubuhi na ana mashahidi. Chini yake, kwa herufi ndogo, kitabu kilisema: Uliza kama ni yeye. Kisha funua mkia.

Karani akamtazama mjukuu wake juu ya miwani. "Umesikia maneno ya kuku," akasema. "Unasemaje?"

Hapo mwili wake ukafanya ulichozoea. Akafunga mdomo, akasubiri.

Bi Mkubwa alikitazama kitabu, akamtazama kuku, macho yakaenda mbali. Saa ya mezani ikawa inasikika. Bibi akageuka kwenye kiti chake, mdomo umeshafunguka na jibu liko njiani, na Karani, bila hata kumtazama, akanyanyua kiganja. Kiganja hicho kilikuwa kimewanyamazisha mawakili. Bibi hakuwahi kuonyeshwa katika ndoa yao yote, na kwa mshangao mtupu akanyamaza. Ikapita dakika moja. Ya pili ikaanza, ikafika katikati.

"Si yeye," Bi Mkubwa akasema. Alisema taratibu, sauti ya mtu aliyemaliza kazi yake. "Kuku ni mwepesi. Keki imebonyea mpaka chini. Na alama za matako ni mbili, kubwa. Za kuku ni ndogo."

Karani alihisi vinyweleo vya mikono vikimsimama. Alikuwa amesikiliza watu wenye majoho na vyeti ukutani wakitoa hoja dhaifu kuliko hiyo, na wakapeana mikono baadaye.

"Funua," akasema hatimaye.

Bi Mkubwa akafunua mkia wenye plasta. Chini yake kulikuwa na kuku amevaa chupi ya maua, safi, haina hata chembe ya keki. Mtoto akacheka. Kilikuwa kicheko kilichotoka tumboni, kikamwangusha upande kwenye kochi, na Karani akasimama pale na kitabu chake, hajui afanye nini na mikono. Hakuwahi kumsomea mtu akacheka. Kwa kuwa kila shauri lazima lifungwe, akasafisha koo. "Kuku," akatangaza, "huna hatia. Keti."

Siku hiyo walikwenda hivyohivyo, mnyama kwa mnyama. Mbuzi alijitetea kwamba alikuwa anakula kalenda. Twiga alidai hajui keki ni nini, maana hajawahi kutazama chini. Kiboko alikuwa amelala, kitabu kikaagiza meza ipigwe mara tatu ili aamke, Bi Mkubwa akaipiga, mikasi ya Bibi ikaruka. Kila mmoja aliulizwa, na kila mara Karani akasubiri, na kila mara, mwisho wa kile kimya kirefu, likaja jibu zima lenye sababu zake, na hakuna aliyepatikana na hatia. Ukurasa wa mwisho hapakuwa na mnyama. Paliandikwa: Amebaki mmoja ambaye hajakaguliwa. Ni wewe unayesoma. Simama, geuka. Karani alikuwa amesimama tayari, kwa hiyo akageuka. Bi Mkubwa akashuka kwenye kochi, akaweka mikono nyuma, akamkagua kwa muda mrefu.

"Huna hatia," akasema. "Keti."

Jioni mtoto alipochukuliwa, Karani alikaa barazani asitake gazeti. Aibu ilimshika, kubwa, na juu ya aibu kulikuwa na mshangao ambao hakujua aupeleke wapi. Mtoto yule hakuwa mtupu ndani ya kimya chake. Alikuwa anapima. Mwaka mmoja na nusu alikuwa akipima mbele yao, na wao, watu wazima watatu wenye akili timamu, walikuwa wakiondoka kila mara jibu likiwa mlangoni. Yule mzee wa baiskeli alimpa dakika kumi na moja. Mjukuu wake mwenyewe hakuwahi kumpa moja.

Nesi alipoona hayo kwa macho yake, alikwenda kumwomba mwalimu wa chekechea ampe baba yake nusu saa ya kuwasomea watoto siku ya Ijumaa. Mwalimu, dada kijana ambaye sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na kazi, alikubali bila matumaini makubwa. Karani akaingia darasani na koti lake la mahakamani. Aliwekewa kiti karibu na ubao akae mpaka watoto ishirini na sita wapangwe kwenye mkeka, kisha akasimama, akafungua kitabu, akaanza na sanduku la posta.

Alipofika kwenye "Hairuhusiwi," mtoto mmoja wa mbele akairudia taratibu, akiionja. Jirani yake naye akaisema. Karani akarudia sentensi, maana ilikuwa imeingiliwa, na safari hii darasa zima likaipokea kwa kelele, "Hairuhusiwi!" mwalimu akaficha uso kwenye daftari la mahudhurio. Ilipofika zamu ya kumwamsha kiboko, mikono hamsini ilipiga sakafu mpaka vioo vya dirisha vikalia. Na kila Karani alipouliza "Unasemaje?" walinyanyuka wote, mikono juu, wengine wamesimama, mmoja akitokwa na machozi kwa kuogopa hatafikiwa. Karani alisimama katikati ya kelele ile kifua kimemjaa. Swali lilikuwa lilelile. Miaka thelathini na mmoja aliwauliza watu ambao wangetoa chochote wasiulizwe, na leo walikuwepo watu waliokuwa wakipigania kuulizwa. Macho yakamlengalenga, akasingizia miwani.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa pembeni karibu na kabati. Hakusema neno. Mwalimu alimtazama Karani kwa huruma, kwamba unajionea mwenyewe.

Ukafika ukurasa wa mwisho. Karani akasoma agizo, akageuka kuwapa mgongo, na darasa likalipuka. Kile kiti cha karibu na ubao kilikuwa na vumbi la chaki, na suruali yake nyeusi ilikuwa imebeba alama mbili nyeupe, za mviringo, hazina hata haja ya miwani.

"Hatia!" wakapiga kelele. "Hatia! Hatia!"

Alijua ni mchezo. Hata hivyo alijikuta amesimama kama mshtakiwa, visigino pamoja. Miaka yote hiyo hakuwahi kusimama upande ule. Akanyanyua kiganja, kelele zikashuka. "Kila mmoja atasikilizwa," akasema, bado amewapa mgongo, kwa sababu kitabu kilikuwa hakijamruhusu kugeuka. "Yupo ambaye hajasema. Bi Mkubwa, unasemaje?"

Watoto wadogo hawajui kusubiri, lakini hawa walisubiri, maana kiganja kilikuwa bado kiko juu. Ubao ulikuwa mbele ya macho ya Karani, na humo aliona herufi za asubuhi zilizofutwa vibaya. Nyuma yake hapakusikika hata mkeka. Mwalimu aliyekuwa akitazama saa yake aliacha kuitazama.

"Ni chaki," sauti ya Bi Mkubwa ikasema kutoka karibu na kabati. "Keki ni ya njano, na ile ni nyeupe. Babu alikaa kwenye kile kiti." Vichwa vyote vikageuka kukitazama kiti. "Hana hatia."

Karani hakugeuka mara moja. Aliwakumbuka wale wa kizimbani waliosema ndiyo harakaharaka kwa sababu ukumbi ulikuwa unataka jibu la haraka. Akajiuliza ni wangapi kati yao walikuwa na chaki tu.

Mwalimu alimsindikiza mpaka getini. "Mzee, nimemfundisha mwaka mzima huyu mtoto," akasema. "Sikuwahi kumsikia. Nadhani sikuwahi kumpa nafasi." Halafu akashusha pumzi. "Lakini mwalimu mkuu siku hiyo ana watoto sitini. Dakika nne kila mmoja, na mzazi haruhusiwi kutia neno."

Siku yenyewe Bi Mkubwa alikuwa wa arobaini na tatu. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na meza kubwa, feni isiyozunguka, na makombe mawili ya michezo juu ya kabati. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa mwili mkubwa, magoti yanamsumbua, si mtu mbaya ila amechoka. Nesi na Karani walikaa kwenye viti viwili kando ya ukuta. Bi Mkubwa akakaa mbele ya meza, begi lake mapajani, miguu inaning'inia.

"Una miaka mingapi?" mwalimu mkuu akauliza. Akahesabu kidogo kimoyomoyo, akaweka alama ya kosa. "Hii rangi gani?" Akaweka alama ya kosa. "Ng'ombe anatupa nini?" Kosa. Nesi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Karani, kutoka pale alipokaa, aliiona kalamu ikikata na kukata. Kiganja chake kikaanza kunyanyuka chenyewe, akakirudisha gotini na kukishikilia kwa mkono wa pili. Hapa hakuwa karani wa mtu.

"Mvua inatoka wapi?" Kosa. "Una maembe matano, ukila mawili yanabaki mangapi?" Kosa.

"Mitano na nusu," Bi Mkubwa akasema. Mwalimu mkuu akanyanyua macho. "Bluu. Maziwa. Kwenye mawingu. Matatu." Akafikiri kidogo. "Lakini ukila maembe mawili kwa mpigo tumbo linauma."

Mwalimu mkuu aliitazama fomu yake na makosa yake matano, akamtazama mtoto, akapapasa kutafuta ni jibu gani liende wapi. "Mwanangu, jibu huja na swali lake," akasema kwa upole. "Fomu ndivyo inavyotaka." Akaitazama saa ya mkononi. Dakika zilikuwa zimekwisha. Akarukia la kumi ili amalize. "Haya. Hadithi yoyote unaijua? Nisimulie."

Nesi alisogea mbele kwenye kiti, akameza neno. Bi Mkubwa alishuka taratibu, akafungua begi, akatoa kitabu chenye plasta. Akasimama wima, akakishika mbele ya kifua kwa mikono miwili, akasafisha koo.

Kusoma alikuwa hajui. Alikuwa amekishika chote kwa kichwa. Akataja jina la kitabu, mtunzi, mchoraji. Akataja sanduku la posta. "Haki zote zimehifadhiwa," akatangaza, na mwalimu mkuu akamgeukia Karani, na Karani akatazama viatu vyake. Akaeleza habari za keki ya njano, kubwa, iliyobonyea mpaka chini. Kisha akamtazama mwalimu mkuu juu ya miwani ambayo hakuwa nayo.

"Umesikia," akasema. "Ni wewe uliyeikalia? Unasemaje?"

Nesi akafumba macho. Karani akakumbuka ushahidi wote uliokwisha kupokelewa sebuleni kwake, kwamba kuku ni mwepesi na aliyeikalia keki ni mtu mzito, na akaona wazi kwamba humu ofisini mashaka yangeweza kuelekea upande mmoja tu.

"Mimi?" mwalimu mkuu akasema.

Bi Mkubwa hakujibu. Alikuwa ameshauliza, sasa alisubiri.

Mwalimu mkuu alicheka kidogo. Akamtazama nesi, akautazama mlango ambao nyuma yake mtoto wa arobaini na nne alikuwa anapiga teke benchi. Hakuna aliyemsaidia. Mtoto alisimama na kitabu chake, usoni hana hasira wala papara, na ilionekana wazi kwamba yuko tayari kusubiri mpaka chakula cha jioni. Kicheko cha mwalimu mkuu kikaisha taratibu. Karani, aliyezisoma nyuso za watu kwa miaka mingi, aliuona uso ule ukibadilika. Huyu mama alikuwa ameuliza maswali mamia asubuhi hiyo, na sasa kuna mtu aliyekuwa anataka jibu lake na alikuwa tayari kulingoja. Akaanza kufikiri kwelikweli.

"Sijui," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Sijajitazama."

"Simama," Bi Mkubwa akasema. "Geuka."

Mwalimu mkuu akaegemea meza, akainuka na magoti yake, akageuka mzimamzima akaupa chumba mgongo. Bi Mkubwa akazunguka meza, kitabu kwapani, mikono nyuma. Akakagua. Hakuwa na haraka, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Huna hatia," akasema. "Keti."

Mwalimu mkuu alikaa. Akatoa leso, akafuta macho, na Karani hakuweza kujua kama ni kicheko au ni kitu kingine. Kisha akaivua saa ya mkononi, akailaza kifudifudi juu ya meza, akavuta fomu mpya.

"Tuanze upya, mwanangu," akasema. "Una miaka mingapi?" Na akaiweka kalamu chini.

Saa kumi jioni walikuwa nyumbani wote. Karani alisimama katikati ya sebule na fomu mkononi, akaisoma yote. Alisoma namba ya fomu na sanduku la posta la shule. Alisoma maswali kumi na alama kumi za vema. Alipofika mahali pa maoni, sauti ilimpungua, akasafisha koo mara mbili. "Apokelewe darasa la kwanza," akasoma. "Akiulizwa, asubiriwe." Halafu akasoma sahihi, tarehe, na maneno yote ya kwenye mhuri, kwa kuwa na hayo yalikuwa yameandikwa.

Nesi alikuwa analia bila kujificha. Bibi aliinuka akaenda jikoni, akarudi na birika mkono huu, jagi mkono huu.

"Mke mwenzangu," akasema, "leo chai au maziwa?"

Ile "haya" ilimfika mdomoni, wote wakaiona ilivyofika, na wote wakaona alivyoimeza. Akasimama. Bi Mkubwa alilitazama birika, akalitazama jagi, macho yakaenda mbali. Mvuke ukatoka kwenye mdomo wa birika ukapungua. Mkono wa Bibi ukaanza kuuma, hakuushusha.

"Chai," Bi Mkubwa akasema.

Bibi akamimina, na nyingine ikamwagika kwenye kisahani, kwa maana mwaka mmoja na nusu, kila siku ya Mungu, alikuwa amempa maziwa.